Serikali Haina Dini, Tusimame Tuombe: Mwongozo wa Mgeni wa Eldoret

Mwongozo huu ni wako wewe uliyepata barua ya uhamisho kuja Eldoret, ukafungasha virago, na gari lilipokuwa likipanda kutoka Nakuru kuelekea Timboroa ukajisomea Katiba ya 2010 ili ufike ukiwa mtumishi wa umma aliyekamilika. Ulipofika kifungu cha 8 ukatabasamu. Ni kifungu kifupi mno: hakutakuwa na dini ya taifa. Ukafunga kitabu ukidhani mambo yamekwisha. Mambo hayajaanza.

Eldoret ni jiji rasmi tangu Agosti 2024, lakini tabia zake bado ni za mji ambao watu wake wanajuana. Wanandi walimwelekea Mungu wao Asis hapa jua likichomoza, muda mrefu kabla ya mtu kuchora ramani. Makaburu waliofika 1908 na magari yao ya ng'ombe walikuja na ibada yao ya Kireformati. Wakaja Wahindi na Masingasinga, Wasomali na Waswahili, Wakikuyu, Waluhya na Wajaluo, kila kundi na njia yake ya kumwita Mungu. Leo Ijumaa adhuhuri utasikia adhana, Jumamosi Wasabato wamejipanga na Biblia kwapani, na Jumapili hutapata kiti kwenye matatu.

Utawapenda watu hawa. Ukiwaamkia "chamgei" watakujibu kwa uchangamfu kuliko unavyostahili. Ni waungwana sana, na uungwana wao ndio utakaokuponza, kwa sababu utakufanya uamini kwamba sheria haina kazi.

1. Mkutano wa saa tatu

Mkutano wa saa tatu asubuhi huanza saa nne. Mwenyekiti atasema, "Itifaki izingatiwe," kisha ataangaza ukumbi mzima na kuuliza, "Nani atatuongoza kwa maombi?" Haulizi kama tutaomba, anauliza nani. Mama mmoja wa idara ya fedha atainuka, na kwa kuwa ana kipawa, maombi yake yatawapitia waliosafiri, wagonjwa walioko hospitali ya rufaa, watoto wanaokaribia mtihani, gavana na timu yake, ajenda ya leo, na chai ambayo imeshachelewa. Atamaliza kwa jina la Yesu.

Fungua jicho moja. Utamwona afisa wa afya ya umma, Mwislamu, ameinua viganja kwa adabu zote. "Amina" yake itatoka mapema kidogo, kabla jina halijatajwa. Amefanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Hakuna aliyemwomba na hakuna aliyegundua. Utamwona pia kijana wa kompyuta akitazama kamba za viatu vyake kana kwamba amezinunua jana.

Kosa la mgeni ni kusimama hapo na kutaja kifungu cha 8. Hutafukuzwa. Utaambiwa umesema vyema, utashukuriwa kwa mchango wako, na mkutano ujao utapewa wewe nafasi ya kufungua kwa maombi, ili upone.

Hata hivyo hoja yako haina nguvu unayodhani. Katiba hiyohiyo inaanza kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, wimbo wa taifa wenyewe ni sala, na Bunge hufungua vikao vyake kwa dua. Ufaransa ilitenga dini na serikali kwa sheria ya 1905, na tangu hapo imehangaika kumweka Mungu nje ya ofisi. Kenya haikushika njia hiyo. Ilisema: ingieni nyote. Tatizo ni kwamba mlango ulio wazi kwa wote una mazoea ya kupitwa kwanza na mtu yuleyule. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Katika kila 100, wapata 85 ni Wakristo. Waislamu walikuwa milioni 5.15, Wahindu elfu 60 hivi. Walio wengi hawahitaji njama ili wawasahau walio wachache. Hesabu peke yake inatosha.

Ushauri: usipinge maombi. Pendekeza dakika moja ya kimya, kila mtu na Mola wake. Utapingwa kwa upole. Basi waeleze kwamba kimya huisha mapema kuliko mama wa fedha, na ajenda ni ndefu. Hoja hiyo imewahi kushinda mahali ambapo Katiba ilishindwa.

2. Fomu na kiapo

Fomu nyingi utakazojaziwa hapa zina kisanduku cha dini, mahali fulani kati ya jina la chifu na simu ya jamaa wa karibu. Usiulize kinafanya kazi gani. Karani hajui, na swali lako litamfanya akuandikie "Mkristo" ili foleni isogee.

Mahakamani utakuta utaratibu bora. Karani ana Biblia na ana Kurani, na ukitoa ushahidi atakuuliza utaapa kwa ipi. Wageni wengi hawajui kwamba lipo jibu la tatu: sheria ya viapo inakuruhusu kutoa tamko la dhati bila kumtaja Mungu, na uzito wake ni uleule. Ukisema uongo utafungwa sawasawa na aliyeapa. Hata Rais anaweza kuchagua njia hiyo. Viapo vilivyopangwa mwishoni mwa Katiba vimeacha nafasi ya anayetaka kuapa na anayetaka kutoa tamko tu.

Ndoa nazo zimepangwa vivyo hivyo. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Padri atafungisha yake, shehe yake, wazee watahesabu ng'ombe wao, na zote zitaishia katika daftari la msajili mmoja. Serikali haijali mliimba wimbo gani. Inajali kama nyote wawili mlikubali na kama mmetimiza miaka 18. Mistari miwili hiyo haivukwi na dini yoyote, na ndiyo sababu serikali inaweza kuziachia dini mengine yote.

3. Nyama

Ukitaka kuona serikali isiyo na dini ikifanya kazi bila kelele, nenda buchani. Paja la ng'ombe limening'inia kwenye ndoano nyuma ya kioo, likiwa na muhuri wa wino wa mkaguzi wa nyama. Juu ya kioo kuna neno "Halal" kwa rangi ya kijani. Mwenye bucha huenda ni mzee wa kanisa la AIC, na wateja wake wengi hawajawahi kuingia msikitini. Lakini katika vichinjio vingi nchini anayeshika kisu ni Mwislamu, ili mnyama mmoja aliwe na wote. Mkristo hapungukiwi na kitu, Mwislamu hana wasiwasi, na mwenye bucha anauza pande zote mbili. Mkaguzi wa serikali yeye hamuulizi ng'ombe dini yake. Anapasua ini, anatazama mapafu, anapiga muhuri.

Mgeni asiyejihadhari ataona haya akasema: basi sheria ya nini, si watu wameelewana? Avuke mpaka kidogo. Tanzania ilikuwa na mazoea hayohayo, ya siku nyingi, yasiyoandikwa popote. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mzozo wa nani achinje ulifika hatua ya mapanga, na mchungaji mmoja akauawa. Watu wa Buseresere hawakuwa wabaya kuliko wa Eldoret. Walikuwa na maelewano mazuri ambayo hakuna aliyewahi kukaa nao wayapitie upya, wakubaliane, wajue anayelalamika aende wapi. Siku upande mmoja ulipouliza "kwa nini sisi tusichinje?", hapakuwa na ofisi yenye jibu.

Kula nyama yako. Lakini usiseme hadharani kwamba hapa hakuna tatizo. Nyama ndiyo ilikuwa ya kwanza kuleta tatizo kwa jirani.

4. Kadhi

Siku moja kwenye matatu ya kwenda Langas utaketi karibu na mtu atakayekuonya kuhusu Mahakama ya Kadhi. Atakuambia kuna siku mikono itakatwa. Usibishane naye, muulize tu kama amesoma kifungu cha 170. Hajasoma. Kinasema Kadhi atasikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali kwenda mbele yake. Kesi ya mwizi wa kuku haimhusu. Asiye Mwislamu hamhusu. Na asiyeridhika na hukumu yake hukata rufaa Mahakama Kuu.

Mahakama hizo hazikuletwa jana. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliuendesha kwa mkataba wa 1895. Oktoba 1963, uhuru ulipokaribia, Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua: pwani inabaki Kenya, na Kadhi anabaki na kazi yake. Ilikuwa ahadi ya serikali kwa serikali, na ndiyo iliyoingia katika katiba ya kwanza.

Mwaka 2010 ahadi hiyo ilikaribia kuangusha katiba mpya. Makanisa mengi yaliongoza kampeni ya "La", rangi nyekundu, kwa sababu ya Kadhi na utoaji mimba. Kinara wao katika siasa alikuwa Mbunge wa Eldoret Kaskazini, William Ruto. Tarehe 4 Agosti nchi ilisema "Ndiyo" kwa asilimia 67 hivi. Bonde la Ufa lilisema "La". Kwa hiyo ukiishi hapa unaishi miongoni mwa watu ambao wengi wao walikikataa kifungu hicho kwa kura. Na bado Mahakama ya Kadhi ipo Eldoret, inasikiliza habari za talaka, mahari na urithi wa ploti, na hakuna mkono uliopotea. Walioshindwa walitii matokeo. Hilo nalo ni jambo la kusifiwa, ingawa hakuna anayewasifu.

Sasa tahadhari ya kweli, ambayo jirani yako wa matatu hakuiona. Walio wachache nao wana wachache wao. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hawezi kunyimwa urithi wa baba yake Mwislamu kwa sababu hiyo tu. Katiba inaruhusu kanuni ya usawa ilegezwe kwa ajili ya sheria ya Kiislamu mbele ya Kadhi, lakini kwa kiasi kile tu kinachohitajika kabisa, na majaji waliona kumwacha mtoto mikono mitupu kumepita kiasi hicho. Masheikh wengi walipinga: ni nani majaji hawa hata watufundishe mirathi? Na mama wa mtoto yule naye anauliza: mwanangu alikosa nini?

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Serikali ikilinda jamii ndogo dhidi ya kubwa, bado haijamaliza kazi. Ndani ya ile ndogo yumo mtu mmoja mdogo zaidi. Mada hii usiianzishe wakati wa chakula cha mchana. Chakula kitapoa.

5. Lango la shule

Shule ya umma hapa inaitwa jina la mtakatifu. Mwalimu analipwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, madarasa yamejengwa kwa pesa za wazazi na za mfuko wa eneo bunge, lakini mwenye usemi siku ya maombi ni mfadhili, yaani kanisa lililoianzisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili kazi ya kukuza roho za wanafunzi huku akiilinda imani ya walio wa dini nyingine. Sentensi nzuri. Shida ni kwamba sentensi hiyo iko Nairobi, na langoni, siku ya kufungua shule, yuko mwalimu wa zamu mwenye mkasi.

Kwa hiyo ujue kesi tatu. Ya kwanza ni ya Isiolo. Mwaka 2014 naibu gavana wa kaunti hiyo, Mohamed Guleid, aliomba wasichana Waislamu wa shule ya St. Paul's Kiwanjani, iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, wavae hijabu. Kanisa likaenda mahakamani. Mahakama Kuu ikalipa kanisa ushindi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikawapa wasichana. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, si kwa kusema hijabu ni mbaya, bali kwamba dai halikuletwa kwa utaratibu unaofaa. Jaji mmoja alipinga. Aliyekuwa kidato cha kwanza kesi ilipoanza alikuwa ameshamaliza shule.

Ya pili ni ya msichana Mrasta aliyefukuzwa shuleni huko Kibra kwa sababu ya nywele zake. Septemba 2019 Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba Urastafari ni dini na msichana arudishwe. Ya tatu ni ya Wasabato, ambao watoto wao walitakiwa kusoma Jumamosi. Machi 2017 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki ya kupumzika tangu Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama.

Ukizisoma pamoja utaona kwamba hakuna hata moja iliyohitaji jaji. Kitambaa, nywele na siku moja ya wiki ni mambo ambayo mwalimu mkuu angeyamaliza kwa karatasi moja. Badala yake mtoto alisubiri nje ya lango huku mawakili wakinukuu hukumu za nchi za mbali.

Na hapa kwetu lipo lile lisilofika mahakamani kabisa. Mtaala una elimu ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu, lakini shule nyingi zina mwalimu wa ile ya kwanza tu. Mtoto wa Kiislamu anaikalia, anaikariri, anapata alama A. Atakutajia safari zote za mtume Paulo na bandari alizopitia. Wazazi wake watakuambia si neno, elimu haina mwisho. Uungwana tena.

6. Kelele takatifu

Umepanga nyumba Huruma au Kapsoya, na Ijumaa usiku kuna kesha. Spika zimetazama dirisha lako. Saa kumi na moja hivi kesha linaisha na adhana inaanza. Utajiona kama mtu ambaye Mungu amemzingira.

Zipo kanuni za kelele za 2009, chini ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Zinaiwekea nyumba ya ibada kikomo sawa na cha mahali pa utulivu: desibeli 40 mchana na 35 usiku, ambazo ni karibu sawa na mazungumzo ya kunong'ona. Ukimsomea mchungaji kanuni hizo atadhani umemtungia kichekesho.

Angalia sana unamlalamikia nani. Mgeni hulalamikia adhana ya dakika tatu na kuliacha kesha la saa nane, kwa sababu kesha amelizoea tangu utotoni na adhana hajaizoea. Mwingine hufanya kinyume. Ukienda NEMA nenda na saa na kipimo, si na masikio yako. Masikio yana dini.

7. Mheshimiwa madhabahuni

Jumapili moja ibada itachelewa kwa sababu msafara wa mheshimiwa umechelewa. Atapewa kipaza sauti "asalimie tu". Atasema "Bwana asifiwe", atasema tena "Bwana asifiwe", kisha atatoa bahasha na kutangaza barabara. Msikitini ataingia kwa kofia iliyotoka dukani jana.

Mgeni mwenye Katiba kichwani atadhani hapo serikali inaiingilia dini. Tazama vizuri uone nani anamtumia nani. Juni 2024 vijana walioandamana kupinga Mswada wa Fedha waliyakemea pia makanisa yaliyowapa wanasiasa madhabahu. Novemba mwaka huo Askofu Mkuu Katoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, alirudisha mchango wa Rais uliotolewa katika kanisa moja la Soweto. Askofu akirudisha pesa, hata wasio Wakatoliki hukaa kimya kidogo.

Kisha Julai 2025 ikaja habari ya kanisa kubwa ndani ya viwanja vya Ikulu, na gharama iliyotajwa magazetini ilikuwa shilingi bilioni 1.2. Rais hakukanusha, alisema anajenga kwa pesa zake mwenyewe. Kesi ikafunguliwa. Hapa Eldoret, ambako Rais ni mtoto wa nyumbani, ukiulizwa maoni yako sema unasubiri mahakama. Lakini moyoni jiulize swali moja ambalo halihusu pesa za nani: jengo likikamilika katika uwanja wa wote, Mhindu anayelipa kodi Barabara ya Uganda atalitazama kama lake? Kama jibu ni la, kifungu cha 8 kimeguswa, hata kama matofali yalinunuliwa kwa mshahara.

8. Wasiofaa kisanduku chochote

Sensa ya 2019 ilipata watu 755,750 waliosema hawana dini. Ni wengi kuliko Wahindu wote mara kumi na mbili, lakini hutamwona hata mmoja mkutanini, isipokuwa yule kijana wa kamba za viatu. Chama cha wasioamini Mungu kiliandikishwa Februari 2016. Aprili usajili ukasimamishwa, kwa hoja ya amani na utulivu. Wakaenda mahakamani. Taifa lenye makanisa kila kona lilikuwa limetishwa na chama ambacho wanachama wake wangetosha kwenye matatu chache.

Dini ndogo nazo zina kumbukumbu zake. Jirani zetu wa Bungoma watakusimulia Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde. Mkoloni aliipiga marufuku 1948. Ukaja uhuru, na mwaka 1968 serikali yetu wenyewe ikaipiga marufuku tena. Bendera ilibadilika, hofu ikabaki.

Lakini usiruke upande wa pili ukasema serikali isiguse dini kamwe. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wengi wao waliofunga kula kwa amri ya mhubiri. Miaka saba kabla ya hapo Mwanasheria Mkuu alikuwa ameleta kanuni za kusajili na kukagua taasisi za dini. Maaskofu wakapinga, zikaondolewa. Baada ya Shakahola kikaundwa kikosi kazi na mjadala uleule ukarudi. Kipimo kinachofaa si kipya: imani ya mtu usiiguse, anayekufa njaa mwokoe. Polisi hahitaji kujua theolojia ili kujua kwamba mtoto hajala.

9. Pasipo utani

Kuna sehemu moja ya mwongozo huu isiyo na mzaha. Tarehe 1 Januari 2008, baada ya uchaguzi, watu wa Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, walikimbilia kanisa la Kenya Assemblies of God. Wengi walikuwa wanawake na watoto, Wakikuyu. Kanisa lilichomwa wakiwa ndani.

Siku hizohizo maelfu walikimbilia viwanja vya kanisa kuu la Moyo Mtakatifu mjini, na Askofu Cornelius Korir akawafungulia. Alikuwa Mkalenjin, na wengi wa waliojificha kwake hawakuwa. Akaenda kuzungumza na wenye silaha njiani, na kwa miaka iliyofuata akawakutanisha wazee wa pande mbili, kijiji kwa kijiji, wakijenga pamoja shule. Alifariki Oktoba 2017, na waliomlilia walikuwa wa kila kabila.

Waliochoma na waliochomwa walisali kwa Mungu mmoja, huenda kwa tenzi zilezile. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mji ukiwa wa dini moja utakuwa salama, hajaishi hapa. Aliye mchache katika mji huu leo ni kwa dini, kesho kwa kabila, keshokutwa kwa chama. Na usidanganywe na wema wa askofu mmoja ukadhani ndio mpango. Korir alifanya lililo jema kwa sababu alikuwa Korir. Kiambaa hapakuwa na Korir. Nchi haiwezi kupanga usalama wa watu wake kwa kutumaini nani atakuwa zamu siku hiyo.

10. Ukishakuwa mwenyeji

Baada ya muda utapewa kiti na muhuri. Hapo mgeni hugeuka mwenyeji, na mwenyeji ana kishawishi chake: kuwa mtu mwema. Karani Mwislamu atakuja Ijumaa kuomba aende msikitini na utamruhusu kwa tabasamu. Msabato atakuja kuomba asipangiwe zamu ya Jumamosi, utamruhusu pia. Watakushukuru. Utajisikia vizuri, na hapo ndipo utakuwa umekosea.

Usiruhusu, andika. Weka katika ratiba ya ofisi kwamba anayeswali Ijumaa hurudisha saa hizo siku nyingine. Andika kwamba zamu za Jumamosi na Jumapili hubadilishana kwa orodha iliyobandikwa ukutani. Kwenye ramani ya jengo jipya chora chumba kimoja kisicho na msalaba wala mwezi, chenye bomba la maji. Kwenye hafla, chakula kiwe ambacho kila mtu anaweza kukila bila kuuliza kimechinjwa na nani. Kwenye kanuni za sare, taja kitambaa cha kichwa na kilemba cha waumini wa Akorino kwa majina yake. Kisanduku cha dini, kama hujui kinafanya kazi gani, kifute.

Kwa nini, kama watu walikuwa wakielewana? Kwa sababu anayeruhusiwa leo anaweza kunyimwa kesho na atakayekuja baada yako, na atakuwa amenyimwa kihalali. Aliyeandikiwa hana haja ya kukushukuru. Atakupita mlangoni Ijumaa bila kukuaga, na wenzako watasema umewazoesha vibaya. Waambie ndivyo haki inavyofanana: haina adabu ya kusema asante. Ukihamishwa, kama watakavyokuhamisha, ibaki ukutani bila wewe.